Kurasa za Mwisho Zilikwenda na Moshi

Nilifika Kimulot na mkoba mmoja na gambuti za mpira, nikiwa na nia ya kukaa wiki tatu. Ndivyo nilivyoishi miaka hiyo. Nilikuwa nimepakia viazi kwenye malori kule Chepseon, nimeosha pikipiki Kapsoit, nimefyatua matofali mahali ambapo hata sikuuliza jina. Shule niliiacha nikiwa darasa la saba, na si kwamba sikupenda kujua. Nilipenda kujua kupita kiasi, na darasani kila kitu kilikuwa na zamu yake. Baada ya hapo nilisoma chochote kilichonipitia mkononi: gazeti lililofungia nyama, maelezo ya nyuma ya chupa ya dawa ya kupe, hata tangazo la mazishi ya mtu nisiyemjua, ambalo nililichambua mpaka nikajua ni mtoto yupi aliyekosana na wenzake.

Mjane mmoja alinipa kazi. Alikuwa na chai ya kumtosha mtu mmoja kuchuna wiki nzima, na ng'ombe wawili: mwekundu wa maziwa aliyekuwa na mimba, na mtamba mweusi mwenye tamaa ya chakula. Nilichuna, nikakamua asubuhi na jioni, nikalala katika chumba cha mbao kando ya zizi. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita kijana, na hatukuwa na mengi ya kuongea zaidi ya chai, mvua na maziwa.

Nyumba ya tatu ukishuka bondeni alikaa bibi mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita kogo, jina wanalomwitia nyanya huku. Nilitumwa kwake siku moja kurudisha kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, miwani imefungwa kwa uzi, anasoma kitabu kisicho na jalada. Nikasimama pale kama aliyepigiliwa msumari.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Hicho kitabu kinasema nini, kogo?"

"Kinasema kuna mtu ameuawa na kila mtu anajifanya hajui. Keti."

Alikuwa amepika katika nyumba ya meneja wa shamba kubwa la chai kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Meneja alipoondoka kurudi kwao, alimwachia sanduku la vitabu ambavyo hakutaka kulipia mzigo wake kwenye ndege. Vyote vilikuwa hadithi za upelelezi, za zamani, za Kiingereza, herufi ndogo kama mchwa. Na vyote, kila kimoja, vilikosa kurasa za mwisho.

"Mzee wangu alikuwa anasokota tumbaku," alinieleza bila uchungu. "Karatasi yake ilikuwa nyembamba, nzuri. Lakini alikuwa mtu wa heshima. Aliona mimi huanza kusoma mbele, basi yeye akaanzia nyuma."

Nilicheka hadi nikaona haya. Yeye alitazama chini bondeni kama anayemwona marehemu akivuta jina la muuaji na kulitoa puani.

"Sasa unajuaje nani aliua?"

"Mwandishi amesema."

"Lakini mwisho haupo!"

"Mwisho haupo. Lakini amesema. Wale watu walikuwa waaminifu, kijana. Kabla ya kukuficha kitu, wanakuonyesha kwanza."

Sikumwamini. Akanipa kitabu kimoja na sharti moja: singepata cha pili mpaka nimwambie nani aliyeua, na kwa sababu zilizo ndani ya kurasa, si za kichwani mwangu.

Kitabu cha kwanza kilinichukua siku tisa. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, na pale kilipokwama, kogo alikivuta. Maneno ya vyumba na vyombo alikuwa nayo yote: kijiko cha supu, pazia la ndani, kabati la mvinyo, chumba ambacho kazi yake ni kuvulia makoti tu. Mimi nililala chumba kimoja na majembe, na nilistaajabu kwamba kuna nyumba ambamo mtu anaweza kuuawa asubuhi na asijulikane hadi saa kumi kwa sababu vyumba ni vingi. Nilistaajabia pia chai. Kila baada ya kurasa chache mtu analetewa chai. Wakipata habari mbaya, chai. Wakifurahi, chai. Hata sumu, ikitiwa, inatiwa kwenye chai.

"Hawa watu hata kufa hawawezi bila sisi," kogo alisema siku moja, naye akacheka kicheko kirefu chenye kukohoa. Nikaitazama mikono yangu, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani, nikafikiri kwamba kile kikombe kilichokutwa kando ya maiti, katika nchi nisiyoijua, huenda kilichunwa juu ya kilima kama hiki na mtu ambaye hakujua anachangia mauaji.

Nilimaliza kitabu nikamwendea. Tajiri mmoja alikuwa ameuawa katika banda lake la vioo la maua, lililoungana na nyumba, siku ya mvua kubwa.

"Ni mpwa wake," nikasema.

"Kwa sababu?"

"Ana hasira na uso mbaya."

Kogo akanirudishia kitabu kifuani. "Wewe mwenyewe uso wako si wa kusifia. Rudi ukasome."

Nilisoma mara ya pili, nikamtaja daktari. Akanifukuza tena. Mara ya tatu nilisoma polepole, vile mtu anavyochuna mstari wake bila kuruka kichaka, na katikati ya sentensi isiyo na maana yoyote nikasimama. Rafiki wa tajiri alisema ametoka nje bustanini wakati wa mvua, na mwavuli wake ukawekwa pembeni ya mlango. Kurasa mbili mbele, mwandishi anasema, kama mtu anayepiga soga, kwamba paka wa nyumba alikuwa amejikunja amelala juu ya ule mwavuli.

Paka halali penye maji. Mwavuli ulikuwa mkavu. Yule mtu hakuwa ametoka nje.

Nilikimbia bondeni na kitabu mkononi huku nikipiga kelele "Paka! Paka!", na watoto waliokuwa wakichota maji walinishangaa. Kogo alinitazama juu ya miwani. Hakusema hongera. Aliingia ndani akatoka na kitabu cha pili.

Sijui kama nitaweza kueleza nilichohisi. Nilikuwa nimeona milima, nimeona Ziwa Victoria, nimeona treni ikipinduka. Lakini hii ilikuwa kubwa zaidi: mtu aliyekufa zamani alikuwa ameketi mahali fulani akamlaza paka juu ya mwavuli kwa ajili yangu, akaondoka, akaniamini kwamba nitafika. Niliacha kuhesabu wiki. Wiki tatu zilikuwa miezi minne, nami nilikuwa kwenye kitabu cha kumi na moja, na kijijini wameshanipa jina: Msomaji.

Jumatatu ninayotaka kusimulia ilikuwa siku kama nyingine. Mwekundu alikuwa amezaa, na ndama wake alikuwa na wiki tatu. Jumamosi tulikuwa tumemaliza kutia mbolea kwenye chai. Mvua ilikuwa imekatika siku chache na jua lilikuwa kali. Nilichuna hadi saa sita, nikarudi nyumbani. Mwendesha pikipiki alileta gunia jipya la unga wa ng'ombe kutoka agroveti ya sokoni, duka la dawa na chakula cha mifugo, mama akaniambia nimpe mwekundu mabakuli mawili. Nikampa. Kisha nikaona nina nafasi, nikaosha yale magunia sita ya mbolea, kwa sababu nailoni yake ya ndani ikikatwa vizuri inakuwa aproni ya kuzuia umande unapochuna, na mbolea ikibaki ndani inachoma ngozi. Nikayaanika kwenye ua. Mara honi ya lori la majani ikalia kule juu. Honi ile haisubiri mtu. Majani yakikosa lori yanalala, yanakuwa mekundu, yanakataliwa. Nikabeba mzigo wangu nikakimbia.

Niliporudi kutoka senta ya majani, kule chai inakopimwa, baada ya kama saa moja na nusu, nilisikia kilio cha mama kabla sijamwona. Ng'ombe mwekundu alikuwa chini, tumbo limefura, povu mdomoni, miguu ikitetemeka. Alilia mara mbili kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa ng'ombe, akatulia.

Watu walijaa uani. Mama alisimulia kwa kila aliyefika, kwa maneno yale yale: "Alikula vizuri. Nikamfungua akanywa maji. Akarudi, akaanza kutetemeka." Daktari wa mifugo alifika, akafungua mdomo wa ng'ombe, akasema inaonekana kama sumu, akachukua vipande kwenye chupa, akasema majibu yatatoka mbali na yatachelewa.

Neno sumu likazunguka ua ule kama moto kwenye nyasi. Mzee mmoja akanigeukia.

"Msomaji, si wewe hushinda na vitabu za mauaji? Haya, unasemaje?"

Wote walinitazama. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maoni mbele ya watu. Nikakohoa kidogo, nikafunga mikono nyuma kama wanavyofanya kwenye vitabu, nikasema, "Tuanze na kile alichokula mwisho."

Macho yote yakahamia kwenye gunia jipya lililoegemea ukuta.

Mwenye agroveti alikuwa mtu wa makamo ambaye baba yake alihamia huku kutoka upande wa Mlima Kenya kabla yeye hajazaliwa. Alizaliwa hapa, akasoma hapa, akapima unga na dawa za minyoo kwa kila nyumba. Aliposikia, alifunga duka akaja.

"Mama, pole. Pole sana."

Watu waliligeukia gunia. Akafuata macho yao, akaelewa. Akaingiza mkono ndani, akajaza kiganja, akautia unga mdomoni, akatafuna. Ulimpalia, akautafuna hivyo hivyo.

"Nimekula. Haya, nikufe basi muone."

"Sumu ya ng'ombe haiui mtu," kijana mmoja akasema kutoka nyuma.

"We umejuaje? Huwa unakula ya ng'ombe?" mwingine akamuuliza.

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Mwenye duka alisimama pale na unga kwenye masharubu, akisubiri mtu mmoja tu amwangalie kama jirani. Kisha akapanda pikipiki yake akaenda.

Kabla jua halijazama, picha ya ng'ombe wetu ilikuwa kwenye grupu ya WhatsApp ya wakulima, na chini yake mtu ameandika: tujihadhari na hawa watu. Nililisoma neno lile, hawa watu, mara mbili. Katika nchi hii neno hilo lina historia yake ya watu kufukuzwa makwao, na hata sisi tuliotembea huku na huku bila kwetu tunaijua. Mzee wa mtaa alitangaza kwamba Ijumaa asubuhi wote wakutane kwenye banda la senta ya majani, waamue kama yule mtu aendelee na duka au afungashe.

Jumanne nilianza kusumbuka, na nitasema kwa nini. Siku ile ya Jumatatu nilimpa mwekundu mabakuli mawili kama nilivyoagizwa. Lakini yule mtamba mweusi alinitolea macho, nikamwonea huruma, nikamwibia bakuli moja kutoka gunia lile lile. Mama alikuwa amenikataza mara nyingi kumpa unga ng'ombe asiyekamuliwa. Na mtamba alikuwa pale, mzima, anacheua, ananitolea macho tena.

Nililijua jambo hilo tangu Jumatatu, nikaliweka kando kwa sababu lilinitia aibu ndogo. Mtu mwingine alikuwa anabeba aibu kubwa badala yangu.

Jumatano nilishuka kwa kogo, kitabu cha kumi na moja mkononi. Nilimwambia habari ya mtamba. Hakushangaa.

"Basi si unga," akasema.

"Si unga. Lakini kama si unga ni nani?"

"Taja watu waliokuwa kwa hilo boma siku hiyo."

Nikataja: mama, mwendesha pikipiki, ambaye hata hakushuka, jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Basi. Hakuna mwingine."

Kogo aliweka kitabu chake chini. "Nilipokuwa kwa meneja, walikuja wageni wengi. Wakiongea siri, wanaangalia mlango, wanaangalia dirisha. Mimi niko pale nikimimina chai. Ungewauliza kesho, mlikuwa wangapi chumbani? Wangesema, watatu." Akarekebisha uzi wa miwani. "Tulikuwa wanne. Kila siku tulikuwa wanne."

"Ndiyo, kogo."

"Nani alimkamua asubuhi?"

"Mimi."

"Nani alimpa chakula?"

"Mimi."

"Ehe," akasema, akachukua kitabu chake, akaendelea kusoma kama kwamba nimeshaondoka.

Nilipanda kilima nimekasirika. Nilimpenda yule ng'ombe. Nilikuwa nikimwimbia wakati wa kukamua. Ningewezaje?

Alhamisi asubuhi, nikiwa sina ng'ombe wa kukamua, nilimpa ndama maziwa ambayo kogo alituma kutoka kwa ng'ombe wake, kisha nikaenda kumwekea mtamba maji. Karibu na zizi kulikuwa na pipa la plastiki lililopasuliwa katikati kwa urefu, ambalo ng'ombe walinywea. Lilikuwa tupu tangu Jumatatu. Mtamba nilikuwa nikimpeleka mtoni kwa kuwa nilitaka kutoka pale uani. Nilinyanyua ndoo nikataka kumimina, nikasimama.

Chini ya pipa, upande ambao maji humwagika ng'ombe akisukuma kwa pua, nyasi zilikuwa za njano. Hazikuwa zimenyauka kwa jua, maana pembeni yake zilikuwa kijani. Zilikuwa zimeungua, kwenye ncha na kingo, kama jani la chai linavyoungua mbolea ikiliangukia likiwa na maji. Hakuna mtu wa nchi hii asiyelijua doa lile. Tunawaonya watoto juu yake. Watu zaidi ya hamsini walikuwa wamesimama juu ya nyasi zile tangu Jumatatu, na hakuna aliyetazama chini, kwa sababu wote tulikuwa tunatazama gunia. Na mimi ndiye niliyewaelekeza watazame huko.

Nikainama nikapitisha kidole ndani ya pipa. Kulikuwa na ukungu mweupe uliokauka. Nikaonja. Chumvi kali, ya kuuma ulimi.

Kisha yote yakaja pamoja, taratibu, kwa ukimya, kama yanavyokuja kwenye ukurasa. Maji yalikuwa haba wiki ile. Mahali pekee palipokuwa na maji ya karibu ni pipa la ng'ombe. Niliyaosha magunia sita mle ndani, na kwenye kona zake kulikuwa na mabonge ya mbolea yaliyogandamana, makubwa kama ngumi, nikayaponda yakayeyuka. Nilikusudia kuyamwaga maji yale. Honi ikalia. Nikakimbia. Na mama, kama ilivyo desturi ya huku, huwatilia ng'ombe wake chumvi kwenye maji kila mara, basi mwekundu alipoyaonja yale maji aliyaona ni ya sikukuu. Alikunywa mpaka akalamba pipa. Mama alilisema mbele ya watu wote, tena na tena: akanywa maji.

Amesema, kogo aliniambia siku ya kwanza. Kabla ya kukuficha kitu, wanakuonyesha.

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Lazima niseme ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni wala woga. Kilikuwa mshangao mkubwa, kama wa mtu aliyefungua mlango akakuta mbingu. Dunia nayo ilikuwa imeandikwa kwa uaminifu. Paka alikuwa juu ya mwavuli muda wote. Kisha huzuni ikafika, na nyuma yake woga.

Mkoba wangu ulikuwa ukutani. Ningeweza kufika barabarani kabla ya saa nne, na sikuwa mgeni wa kuondoka. Badala yake nilijikuta nashuka bondeni.

"Ni nani?" kogo akauliza kabla sijakaa.

"Ni mimi."

"Kwa sababu?"

Nikampa sababu: nyasi, ukungu wa chumvi, mtamba aliyekula akaishi kwa kuwa alikuwa amefungwa mbali na pipa, maneno ya mama. Aliitikia kwa kichwa kwa kila moja kama anayepokea vyombo vilivyooshwa.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Jumanne. Nilipita nikaona magunia kwa ua, safi, meupe. Nikajiuliza, huyu kijana wakati huu wa jua ametoa wapi maji ya kuchezea?"

"Mbona hukusema, kogo?"

"Nikisema mimi, wewe ni mtu ameshikwa. Ukisema wewe, ni mtu amesema."

"Na kama ningenyamaza?"

"Niko na miguu. Ijumaa ningefika."

Ijumaa banda la senta lilijaa. Mwenye agroveti alisimama peke yake kando ya mizani ya kupimia majani, na nyuma yake, barabarani, nikaona gari dogo la mizigo na rafu za duka lake zimeshapakiwa nusu. Mzee wa mtaa alianza kwa maombi. Kabla hajamalizia kusema ajenda, niliinua mkono.

"Msomaji ako na neno," mtu akasema, wakapisha.

Nilikuwa nimepanga kusema kama kwenye vitabu, hatua kwa hatua, hadi jina la mwisho. Lakini sikuweza. Nilisema jina kwanza.

"Ni mimi niliua ng'ombe. Niliosha magunia ya mbolea kwa pipa yake nikasahau kumwaga."

Kijana wa nyuma, yule yule wa Jumatatu, akasema, "Wacha kumtetea! Amekulipa ngapi?"

"Nendeni mkaone nyasi chini ya pipa," nikasema. "Nyinyi wote mnajua mbolea ikichoma. Mlisimama juu yake."

Wazee wawili walikwenda. Tuliwasubiri muda ambao sijawahi kuusubiri tena. Waliporudi, mmoja alikuwa ameshika fungu la nyasi za njano, akaliweka juu ya mizani, na watu wakaja mmoja mmoja kuangalia, wakainama, wakanusa, wakarudi nyuma. Mzee aliyeniuliza maoni Jumatatu alivua kofia yake.

Mama alikuja mbele yangu. Nilidhani atanipiga. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ng'ombe ningesamehe. Ng'ombe hufa. Lakini umeniacha siku nne nikimlaani mtu hana makosa. Nimeamka asubuhi nne nikiomba Mungu amwondoe. Hiyo utanirudishia na nini?"

 

Alimgeukia mwenye agroveti akampa mkono. Yeye aliuangalia ule mkono kwanza. Kisha akaupokea. Wengine walifuata, wakisema pole, wakiangalia viatu vyao. Picha ilifutwa kwenye grupu, ingawa kila mtu alikuwa ameshaiona. Na mtu aliyeandika hawa watu hakusema ni yeye. Nilimjua kwa namna alivyokuwa wa kwanza kusaidia kushusha rafu kutoka kwenye gari.

Katika vitabu vya kogo nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kilichoibiwa na tumbaku ndicho kikubwa kuliko vyote, siku ya jina kutajwa mbele ya wote. Sasa nilikuwa nimekaa ndani ya ukurasa ule, na niliona kwamba hata mzee wa kogo asingeuvuta, usingeniambia nilichohitaji kujua. Wapelelezi wale hutaja jina, hunywa chai yao, hupanda treni. Hakuna anayebaki kumnywesha ndama aliyeachwa.

Mama hakunifukuza. Jumamosi asubuhi aliniita.

"Ndama hataki kunywa kwa bakuli. Enda sokoni ulete chuchu ya mpira. Utamnyonyesha wewe, asubuhi, mchana na jioni, mpaka ale nyasi."

"Mpaka ale nyasi ni miezi, mama."

"Ulikuwa unaenda mahali?"

Chuchu za mpira zilipatikana duka moja tu.

Rafu zilikuwa zimerudi ukutani, lakini chupa bado zilikuwa sakafuni kwenye makatoni. Kulikuwa na wateja wanne. Mwenye duka aliniona, akanipita kwa macho, akawahudumia wote, na waliokuja baada yangu pia. Hakuna aliyetoka. Walijitia kusoma bei za dawa za minyoo.

Hatimaye akasema, "Unataka nini?"

"Chuchu ya ndama, mzee."

Hakuifuata. Alifungua gunia la unga wa ng'ombe lililokuwa karibu, akaingiza mkono, akanyoosha kiganja kilichojaa juu ya meza.

"Onja."

Niliinama nikaula kutoka mkononi mwake. Ulikuwa na ladha ya mahindi, vumbi, na chumvi kidogo, na ulikauka mdomoni hadi machozi yakanitoka. Nilitafuna nikameza, nikatafuna nikameza, huku yeye akiniangalia usoni hadi kiganja kikaisha.

"Ni sumu?" akauliza.

"Hapana, mzee. Ni unga mzuri."

"Sema wakusikie."

Nikageuka, unga ukinidondoka kidevuni. "Ni unga mzuri," nikawaambia.

Akapangusa mkono wake kwenye koti, akaingia nyuma ya rafu, akarudi na chuchu ya mpira, nyekundu, mpya. Akaipuliza kuona kama tundu limezibuka, akaiweka juu ya meza mbele yangu.

"Maziwa yawe vuguvugu," akasema. "Na uoshe chupa kwa maji safi."